Mwendo wa Siku Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza mchana na mpaka sasa, kiza kinaingia, haijanyamaza. Kwa sisi madobi mvua ni adhabu. Nimetandaza mashuka ya hoteli kwenye kamba kutoka ukuta huu hadi ule, wateja wanaingia wameinama kama wanapita chini ya uzio. Mashine ya kukaushia inanguruma, vioo vimeshika ukungu, pasi inapumua mvuke, na mimi siwezi kukaa mahali pamoja. Naenda mlangoni, narudi. Naenda, narudi. Mama akaniambia, "Kama una hamu na mvua, toka ikulowanishe, utulie."

Basi nimeona niandike. Miguu imechoka kuzunguka, acha mkono nao uzunguke.

Lakini lililonikalisha hapa si mvua. Leo Mama amempa mwalimu mkuu koti la mtu mwingine. Mama, anayelitambua koti la kila mteja kwa kulishika bega tu! Mwalimu alilivaa, mikono ikamwishia kwenye viwiko, tukacheka sote, na Mama akacheka kutushinda. Alipogeuka kwenda kulirudisha, akajigonga kwenye meza ya kupigia pasi. Meza hiyo iko pale pale tangu nina meno ya utoto.

"Hukuiona?" nikamuuliza.

"Nimeiona. Imenijia ghafla tu."

Meza haimjii mtu ghafla. Alhamisi nampeleka kwa daktari wa macho, atake asitake.

Alhamisi, 6 Machi

Presha ya macho. Daktari ni kijana, anaongea polepole kama anayepanga vyombo vya udongo. Alisema ugonjwa huu unaanzia pembeni, unakula pole pole kuelekea katikati, na mwenyewe hujui kwa sababu kichwa kinajaziajazia pale pasipoonekana. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Atampa dawa ya matone ya kupunguza kasi.

"Kwa sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo," alisema, akinitazama mimi.

"Niambie mimi," Mama akasema. "Tundu ni langu."

Daktari akaona aibu, akamgeukia. Mama akamuuliza nyuso za watu ataendelea kuziona mpaka lini. Daktari akajibu kwamba hawezi kuahidi. Pengine miezi, pengine zaidi kidogo. "Ila kama kuna mtu ungependa kumwona, Mama, usimweke kesho."

Tulitoka tukasimama chini ya kibaraza tukingoja mvua ipungue.  Mama ndiye aliyeanza kusema.

"Nataka kumwona kaka yako."

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Mashati, mashati, mashati.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia Kaka. Ni miaka kumi na moja sasa tangu aondoke, na katika miaka hiyo yote nimemjua kama sauti inayosema "nitaangalia". Mama aje lini? Nitaangalia. Utarudi lini? Nitaangalia. Kazi yake ni "uwanja wa ndege", hivyo tu, na mimi kichwani nilishamvisha tai na kumkalisha nyuma ya kioo. Ana mke, ana binti wa miaka sita tunayemwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi kwenye shavu. Mama hajawahi kumshika mtoto huyo. Kwenye simu humwona, lakini siku hizi, kumbe, akitazama kioo anaona pua tu, au sikio.

Nilimweleza yote. 

"Mimi siwezi kutoka, mdogo wangu. Karatasi zangu za ukaazi bado zinashughulikiwa. Nikitoka kabla hazijatoka, sirudi tena. Mlete Mama. Tiketi juu yangu."

Nikapanda ghorofani kwa dada wa tiketi, ambaye suti zake tunafua sisi. Akapiga piga kompyuta yake. Ni zaidi ya kilomita elfu nane. Hakuna ndege inayokwenda moja kwa moja: saa saba hewani, unashuka kwenye mji wa katikati, unasubiri, halafu saa tano tena na ushei. "Jumlisha na kusubiri," akasema, "asubuhi hii uko hapa, asubuhi ya pili uko mlangoni kwao."

Nikamrudishia Mama habari hiyo kama ilivyo. Alikuwa anakunja taulo. Mikono yake ikasimama.

"Siku moja?"

"Siku moja."

"Siku moja tu?" Akaweka taulo chini. "Miaka yote hii mimi nilidhani ni mbali."

Jumatano, 12 Machi

Neno la Mama halinitoki. Leo ndege imepita juu ya paa letu kama zinavyopita kila siku, na kwa mara ya kwanza nimetoka nje kuitazama. Nimerudi nimelowa chapachapa, na shati la mteja limeungua kola.

Jumatano, 19 Machi

Ubalozini. Tulipanga foleni tangu alfajiri chini ya mwavuli mmoja. Ndani kuna baridi ya mashine na viti vya chuma, na kila mtu ananong'ona kama tuko msibani.

Kwanza alama za vidole. Mama akaweka kidole kwenye kile kioo, mashine ikakataa. Cha pili, ikakataa. Mfanyakazi akamfutia mikono kwa kitambaa, akamwambia abonyeze zaidi. Vidole vyote kumi, hakuna hata kimoja. Miaka arobaini ya sabuni, maji moto na pasi imevifuta vikawa laini kama kijiko.

"Huyu bibi hana alama," mfanyakazi akamwambia mwenzake.

"Alama ninazo," Mama akasema, "ziko kwenye nguo za watu."

Hawakucheka. Tukaenda dirisha la pili. Mwanamume wa huko, mpole, akauliza maswali. Utamtembelea nani? Mwanangu. Utakaa kwa muda gani? Mpaka nimemwona vizuri. Una hakika utarudi?

"Nirudi wapi?" Mama akauliza kwa mshangao wa kweli. "Mimi kwangu ni hapa."

Nadhani hapo ndipo tulipoharibu, ingawa ndilo jibu la ukweli kuliko yote. Alikusudia kwamba haendi kuhama, kwa hiyo swali la kurudi halipo. Yule bwana akaandika kitu. Nilijaribu kufafanua kupitia kioo, akaniinulia kiganja: mwenye maombi ajibu mwenyewe.

Jumanne, 25 Machi

Mashine ya kukaushia imekufa. Mvua, mashuka mabichi, harufu ya uvundo. Viza bado.

Jumatano, 2 Aprili

Leo kicheko kimeingia dukani. Msusi wa mlango wa pili, ambaye aliwahi kupanda ndege mara moja na hajatupa nafasi ya kulisahau, amekuja kumfundisha Mama kusafiri. Akapanga viti viwili, akamfunga Mama mkanda wa joho la kuogea, akajifunga kitambaa shingoni na kuanza kutembea katikati ya mashuka akitabasamu meno yote.

"Karibu mama, utakunywa nini?"

"Nipe dirisha kwanza."

"Dirisha la nini? Juu kule ni mawingu matupu, kama pamba."

"Hayo hayo mawingu. Nitayaona yote, si makubwa?"

Msusi akababaika kidogo, akaendelea. Akamwonyesha namna ya kutafuna pipi ili masikio yasizibe. Akamwambia choo kiko nyuma na kikivuta kinapiga kelele kama simba, asiogope. Kwenye mji wa katikati atavishwa kibao shingoni na atasukumwa kwa kiti cha magurudumu kama malkia mpaka ndege ya pili.

"Nani atanisukuma?"

"Kuna watu wao."

"Nitamshukuru kwa lugha gani?"

Hilo Msusi hakulijua. Mama alikaa kwenye kile kiti na mkanda wake kwa muda mrefu hata baada ya Msusi kwenda zake. Alikuwa anatabasamu. Nikamwona mzee, na wakati huo huo nikamwona msichana.

Jumatano, 9 Aprili

Wamekataa.

Sababu: hawajaridhika kwamba mwombaji atarudi kwao. Nimeisoma mlangoni kwao, nimeisoma kwenye basi, nimemsomea Mama. Hakulia. Aliuliza kama inawezekana kuomba tena. Inawezekana, baada ya miezi kadhaa. Akainuka akaenda kutia matone machoni, matone matatu yakamwagikia shavuni.

Nikampigia Kaka. Nilikuwa nimejiandaa kusikia akipiga kelele, akilaumu, hata akilia. Akasema, "Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa, nimesikia." Kisha akakata.

Sawa! Mtu anaambiwa mama yake anaingia gizani naye anasema sawa, kama ameambiwa suruali yake itakuwa tayari Ijumaa.

Alhamisi, 10 Aprili

Sawa. Sawa. Sawa. Nimepiga pasi leo mpaka bega limekufa ganzi.

Jumanne, 15 Aprili

Simu ya Kaka haipatikani tangu jana. Wifi naye hapokei. Mvua imekuwa ya wazimu, barabara ya chini imegeuka mto, umeme unakuja na kuondoka, na redioni wanasema hata uwanja wa ndege umefungwa kwa nusu siku.

Nimemsema Kaka kwa kila jina. Nimesema amezima simu kwa kuona haya. Nimesema wanaume wanaokwenda mbali hujifanya wamefungwa kumbe wamejifungia wenyewe. Nilisema hayo yote kwa sauti, mbele ya Mama, nikiwa na pasi mkononi.

"Usimseme hivyo," Mama akasema. "Huko ni mbali."

"Si ulisema ni siku moja?"

Akaacha kukunja. Akageuza kichwa, huku na huku, akinitafuta kwenye tundu lake mpaka akanipata.  Ningeona nafuu kama angenipiga kofi.

Alhamisi, 17 Aprili

Sijui nianze wapi. Nianze na mlango.

Ilikuwa asubuhi, mvua imekuwa manyunyu tu. Nilikuwa nyuma nikikamua mapazia. Nikasikia kengele ya mlango, na Mama kaunta akisema lile analomwambia kila mteja mwanamume, "Karibu mwanangu. Umetuletea nini?"

Mteja hakujibu. Mama akanyoosha mikono yote miwili juu ya kaunta ili apokee nguo, kama kawaida yake. Hakuna kilichowekwa. Nikachungulia katikati ya mashuka nikaona mtu mrefu, amelowa, begi moja miguuni. Mdomo wake unafunguka na kujifunga.

"Ni koti?" Mama akauliza. "Lete." Akalipata koti mkononi mwa yule mtu, akalivuta, na mtu akaja pamoja nalo. Akalishika bega. Vidole vyake vikatembea kwenye mshono wa bega, vikapanda kwenye kola, vikafika shingoni, vikasimama hapo.

Mimi nilikuwa nimekwisha kumtambua. Sikuweza kusogea.

Mama akaanza kuzungusha kichwa kama ndege anayetazama punje. Jicho lake likapita sikioni, likashuka kidevuni kwenye lile kovu la baiskeli, likapanda kwenye mdomo.

"Nani amekukata nywele vibaya hivi?" akasema.

Hapo Kaka akavunjika. Jitu zima, amelala kifudifudi juu ya kaunta kwenye risiti za watu, analia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Mama akazunguka kaunta bila kugonga kitu, akamshika mkono, akamtoa hadi mlangoni penye mwanga. Akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama. Sikupima muda. Watu walipita na miavuli yao, Msusi akatoka na kitana mkononi akasahau kukirudisha kichwani kwa mteja. Mama alikuwa anamtazama kipande kimoja kimoja, akimaliza anahamia kingine, na kila kipande alikitajia kitu: "Umekonda. Meno yako yote unayo? Huyu ni baba yako, hapa kwenye nyusi."

Kisha akauliza, "Mkeo na mtoto wako wapi? Kwenye gari?"

"Wamebaki, Mama."

"Watakuja lini?"

Kaka akageuza macho kwenye begi lake.

"Basi wewe utarudi lini?"

Nikajua kabla hajajibu.

"Sirudi, Mama. Ukitoka, umetoka. Maombi yangu yamefutwa pale nilipopanda ndege."

Mikono ya Mama ikatoka usoni mwake. Ilitoka polepole, kama mtu anayegundua kwamba alichoshika ni cha moto.

"Umemwacha mtoto wa miaka sita," akasema, "uje kutazamwa na kizee?"

"Mama, daktari alisema—"

"Daktari ni wangu! Macho ni yangu! Nani alikuomba?" Sijawahi kusikia sauti hiyo kwa Mama. "Miaka kumi na moja nimekaa bila mwanangu. Mimi ndiye ninayejua kinavyouma. Na kitu hicho hicho umekichukua kwangu, umempelekea mjukuu wangu. Hiyo ndiyo zawadi uliyomletea bibi yake?"

Akaingia ndani akafunga mlango wa chumba. Kaka akabaki kwenye manyunyu.

Nilimletea taulo. Akaniambia simu haikupatikana kwa sababu alikuwa njiani. Ndege ilifika juu ya mji huu tangu juzi, ikazunguka, ikazunguka, mvua imefunga, ikageuzwa ikatue nchi jirani. Wakalazwa huko. "Nilikuwa hapo juu, mdogo wangu," akasema akionyesha kidole. "Hapo juu ya paa."

Saa hizo hizo mimi nilikuwa hapa chini namtukana.

Ijumaa, 18 Aprili

Mama hamsemeshi. Kaka analala dukani katikati ya suti za watu. Amekarabati mashine ya kukaushia bila kuombwa.

Jumanne, 22 Aprili

Wifi amenipigia, mara ya kwanza sisi wawili peke yetu. Anafanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee wa kule. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Wifi, sikupokea simu zako kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ningekumwagia wewe. Nilimwambia asiende. Nilisimama mlangoni. Akanisogeza kama pazia."

 Nikamwambia ukweli, kwamba Mama naye yuko upande wake.

"Upande wangu?" akauliza. "Sikujua kwamba mtu yuko upande wangu."

Alhamisi, 24 Aprili

Tumepiga pasi mimi na Kaka, yeye mashuka, mimi mashati. Anapiga pasi vizuri, nilikuwa nimesahau. Nikamuuliza kazi yake hasa ilikuwa nini kule uwanjani. Akacheka.

"Nilikuwa mpakiaji. Naingia tumboni mwa ndege nimepiga magoti, napanga mizigo ya watu. Kuna ndege moja inayokuja upande huu. Nimeipakia miaka yote hiyo. Nikifunga mlango wake ilikuwa ni kama najifungia nje mwenyewe." Akanyunyiza maji kwenye shuka. "Nilizoea. Mtu huzoea. Halafu wewe ukaniambia alichosema Mama, kwamba kumbe ni siku moja. Kesho yake nikashika sanduku la kwanza, sikuweza kulinyanyua. Mkono ulikataa."

Ile tai niliyomvisha miaka yote nikaivua kimya kimya. Na lile "nitaangalia" lake nikalisikia upya. Hakuwa anapuuza. Alikuwa hana jibu, na aliona haya kusema hana.

Jumatano, 30 Aprili

Mama amevumbua utaratibu. Asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, anaweka kiti mlangoni na kusema hewani, bila jina, "Aje." Kaka anakuja anakaa. Mama anamtazama.

"Umenisamehe, Mama?" Kaka akauliza leo.

"Bado nimekukasirikia. Geuka kidogo, nakosa upande huu."

Mimi napita na vikapu nyuma yao. Napita tena. Leo nimepita mara nyingi kuliko nguo zilizokuwepo.

Jumatano, 7 Mei

Kidoti kapiga simu. Kaka akaweka sauti wazi, sote tukasikia.

"Baba, Bibi amemaliza kukuona?"

"Bado kidogo."

"Kwa nini hamalizi?"

"Anaona polepole, mwanangu."

"Huko ni mbali?"

Kaka alifumba macho. "Si mbali. Ni siku moja tu."

"Basi kesho," mtoto akasema, akaenda kucheza, simu ikabaki wazi tukimsikia anaimba.

Kaka akatoka nje. Mama akabaki na shati la mtu mapajani. Baadaye akaniambia nimpigie wifi, nimpe simu, nitoke. Nikatoka. Nikasimama nyuma ya mlango, sioni haya kuandika. Nilisikia mwanzo tu.

"Mkwe wangu, mimi sikumwita. Ungenidokeza anakuja, ningemfukuza hapo hapo mlangoni." Halafu akasikiliza muda mrefu, akisema "ndiyo, mama" na "haki yako" na "haki yako hiyo". Halafu sauti ikashuka, na mvua ikanizibia mengine.

Ijumaa, 16 Mei

Jicho la kushoto halioni tena kabisa. Mama kanijulisha kama anavyotangaza sabuni imekwisha.

Jumamosi, 24 Mei

Wifi ana karatasi zake, zilitoka zamani. Anaweza kutoka na kurudi. Anakuja na Kidoti shule ikifungwa, wiki ijayo. Na amekwenda kuuliza ofisini kwao: anaweza kumwombea Kaka upya, kama mume. Hawajaahidi. Itachukua mwaka, wamemwambia, pengine zaidi, na wanaweza kukataa. Kaka alisikiliza hayo yote simu ikiwa sikioni, kisha akaniuliza kama najua mahali wanapohitaji mpakiaji.

"Hapa," Mama akajibu kutoka nyuma ya mashuka. "Vikapu havijibebi."

Ni neno la kwanza alilomwambia bila hasira ndani yake.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua zimekatika. Jua limekuja ghafla kama mgeni asiyebisha hodi, na uwanja mzima wa ndege ulikuwa unafuka mvuke kama duka letu.

Tulisimama kwenye kizuizi, Mama katikati. Kaka hakuweza kusimama. Anakwenda kwenye ubao wa ndege, anarudi, anakwenda. Nikajiona mimi mwenyewe. Mama akamwambia, "Kaa, utawamalizia watu sakafu."

Milango ikafunguka, watu wakaanza kutoka wakisukuma mizigo. Mtoto akatokea amevaa koti la mvua la rangi ya njano kali, jua lote hilo! Baadaye wifi alitueleza: Kidoti aliambiwa Bibi haoni vizuri, akachagua mwenyewe nguo itakayoonekana, na ameivaa tangu kwao, ndege zote mbili, kwa joto na jasho, amekataa kuivua hata kulala.

"Iko njano mbele yako, Mama," nikamwambia. "Kulia kidogo. Chini."

Mama akaitafuta. Kichwa kikaenda, kikarudi. Akaipata. Akapiga magoti pale pale sakafuni, watu wakakwepa na masanduku yao. Kidoti akasimama mbele yake, amejaa haya, kidole mdomoni. Mama akamtoa kidole, akaanza. Paji. Jicho. Jicho la pili. Ile alama ya shavuni, hapo akakaa sana.

"Bibi, unatafuta nini?" mtoto akanong'ona.

"Sitafuti, mama. Nakusanya."

Nyuma yao Kaka na wifi walisimama hatua mbili mbali. Wifi alikuwa amechoka, nywele zimemlala upande mmoja. Hawakugusana. Wifi akasukuma sanduku mbele kwa mguu. Kaka akainama, akalinyanyua na kulitupia begani kwa mkono mmoja, kama anavyofanya mtu aliyefanya hivyo maelfu ya mara.

"Taratibu," wifi akasema. "Hilo lina mwenyewe."

Kaka akalishusha kwa mikono miwili. Na wifi, ambaye sidhani kama alikusudia, akacheka. Kisha akalia, na Kaka akawa amekwisha kuzimaliza zile hatua mbili.

Jumapili, 1 Juni

Nyumba imejaa. Wamelala kila mahali. Niliamka mapema nikashuka dukani, ingawa Jumapili huwa hatufungui mpaka mchana. Nilitaka kupiga pasi kitu, chochote. Nikaona kiti kiko mlangoni, na Mama amesimama nyuma yake.

"Kaka bado amelala," nikamwambia.

"Simngojei kaka yako. Kaa."

"Mimi?"

"Kuna mwingine humu?"

"Mama, mimi unanijua. Uko nami kila siku."

"Ndiyo maana nilikuweka mwisho," akasema. "Nilikuwa najiambia huyu yupo. Leo nimeamka nikajaribu kuukumbuka uso wako, nikaukumbuka wa ulipokuwa na miaka ishirini. Kaa."

Nikakaa. Akanishika kidevu akaniinua kwenye mwanga. Mikono yake ilikuwa laini kabisa, haina hata mstari. Nilitaka kuinuka. Nilitaka kusema maji yanachemka, mashuka ya hoteli hayajakunjwa. Goti langu lilikuwa linacheza lenyewe.

"Tulia."

Jicho lile moja likapita juu yangu polepole. Likafika kwenye nywele.

"Una mvi."

"Ninazo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, Mama."

"Na hukuniambia."

"Hukuuliza."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa haki yake, akaendelea. Mteja mmoja akafika na suti yake mkononi, akatuona, akasimama pembeni akingoja. Goti langu likaacha kucheza. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda.